Mjomba, A Yako Unaitoa Wapi?

Nairobi, 22 Februari 1964

Kwa Mjomba Tsuma,

Shikamoo mjomba. Naamini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba nje ya ghala, na Mama yu karibu, maana nusu ya salamu hizi ni zake. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Hii ni Idi yangu ya pili mbali na nyumbani. Nilialikwa pilau Pumwani, ikawa nzuri, nikala mara mbili, na bado niliporudi bwenini nikalia kidogo. Baba alipita na lori lake wiki iliyopita akitokea Mackinnon Road, akaniletea ule mfuko wa samaki wa ng'onda. Wenzangu walilalamikia harufu siku tatu, siku ya nne wakaja na sahani.

Sasa la maana. Mwezi wa nane chuo kinafungwa wiki nne. Nataka kuja kupiga fidla katika ghala letu, mbele ya watu, pamoja na watoto wote unaowafundisha. Tangu nitoke hapo sijapiga nyumbani hata mara moja. Wewe ndiwe uliyenishikisha upinde nikiwa na miaka minane, na watu wa Msambweni mpaka leo hawajui fedha za harambee walizonichangia nije chuoni zilinunua kitu gani. Nataka waje wasikie. Nataka na wewe uwe umesimama kando yangu na fidla yako.

Na lipo swali. Mwalimu wangu wa hapa, mama wa Kizungu mwenye subira kuliko anavyoonekana, amegundua jambo. Nikikaza nyuzi za fidla peke yangu, kabla ya kusikia piano, uzi wangu wa A, ule unaoziongoza nyuzi nyingine zote, unakuwa chini. Si chini ovyo. Unakuwa chini palepale, kila siku, kwa kiasi kilekile. Amepima wiki nzima. Akaniuliza, "Sauti hii umeipata wapi?" Nikamwambia nitamuuliza mjomba. Ndiyo nami nakuuliza wewe. Mjomba, A yako unaitoa wapi?

Nauliza kwa kutaka kujua tu. Masomo yanakwenda vizuri.

Mpwa wako,
Biasha


Ramisi, 14 Machi 1964

Mpwa wangu Biasha,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika, imesomwa ghalani, imesomwa kwa mama yako, na imesomwa mara ya tatu dukani kwa sababu mwenye duka aliona stempu ya Nairobi akadhani kuna habari za serikali. Tu wazima sote. Mama yako goti limemwacha kidogo, anatembea na kugombana kama zamani. Mwanapili, yule msichana mdogo wa mstari wa mbele, sasa anapiga nyimbo nne, na mbuzi wa kwao ameingia ghalani akala zile karatasi za muziki ulizotuletea. Kurasa tatu alizimaliza. Ya nne aliitema, nami nilipojaribu kuipiga nikamwelewa.

Kuhusu kuja kwako kupiga hapa, furaha yangu haina kipimo. Nasema kweli. Lakini mwezi wa nane, Biasha, mwezi wa nane si mzuri. Paa la ghala limeoza upande wa mashariki na makuti mapya hayajapatikana. Halafu watoto bado hawajaiva. Kuna wawili wanashika upinde utadhani wanafukuza kuku. Halafu wakati huo watu wengi wanakuwa kwenye miwa, hawatapata nafasi. Nadhani Desemba ni bora. Au mwakani, tukijaaliwa uzima.

Hata hivyo usiache kuja kutusalimia. Mama yako amekwisha kukuwekea kuku, amempa na jina, jambo ambalo nimemwambia si zuri.

Umeniuliza na swali jingine. Nitalijibu nikipata wasaa. Karatasi imeniishia.

Mimi mjomba wako,
Tsuma


Nairobi, 5 Aprili 1964

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka habari za mbuzi mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akaamka. Mwambie Mama asimchinje huyo kuku mwenye jina, nitataka kumjua kwanza. Huku mvua imeanza, viatu vyangu vimeota ukungu, na juzi nimekula ugali kwa siku tatu mfululizo bila samaki hata mmoja. Niombee.

Karatasi imekuishia, mjomba? Barua yako ninayo hapa mkononi. Nyuma yake ni nyeupe tupu. Ungeweza kuandika hapo A yako, ukaandika na mapishi ya mchuzi wa pweza, na nafasi ikabaki.

Sikusumbui. Ila wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuuliza. Ulikuwa ukisema mwanafunzi asiyeuliza ni gunia. Mimi si gunia.

Paa usilihofie, Baba amesema atapakia makuti kwenye lori. Kama watu wako kwenye miwa, tutaanza wakitoka kazini. Nao wanaofukuza kuku waweke nyuma. Na nina habari njema: nimeandikiana na Bwana Baya wa Mombasa, yule mpiga kodiani aliyepiga kwenye harusi ya kina Mwanaidi, na amekubali kuja kutupigia. Fikiria ghala letu lina kodiani!

Hapo nikakumbuka kitu cha ajabu. Nilipokuwa na miaka kumi, yule Mhindi wa Ukunda alitaka kutupatia kinanda chake cha mvukuto, bure, kwa kuwa alikuwa anahama. Kilikuwa kizima. Alikileta mpaka mlangoni. Wewe ukamwambia ghala lina mchwa, ukakirudisha. Sisi watoto tulisikitika mwezi mzima. Mjomba, ghala lile lina sakafu ya saruji. Mchwa gani?

Nakungoja.
Biasha


Ramisi, 28 Mei 1964

Biasha,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Masika ya mwaka huu yameikata barabara mara mbili na posta ikalala upande wa pili wa maji. Shangazi yako wa Diani ameozesha binti, harusi ilinyeshewa, wali ukaliwa ukiwa na mvua. Mama yako salama. Kuku salama.

Nimelifikiria sana jambo lako na nimeona njia. Diani kuna mahoteli mapya ya wageni, wana ukumbi mzuri, wana viti vya kukunja. Kwa nini usipige huko? Mtu mwenye elimu kama yako hapaswi kupiga ghalani kwenye harufu ya molasi. Sisi tutakuja kukusikiliza, tutakaa nyuma.

Kodiani sitaki. Nakuambia mapema ili usije ukamsumbua Bwana Baya wa watu. Kodiani na fidla havipatani, kodiani ina kelele, inawameza watoto. Hilo nalijua mimi kwa uzoefu.

Mazoezi yamesimama kwa sasa. Kiwanda cha sukari kimefungwa kwa ajili ya masika, boila za mvuke zinasafishwa, mpaka miwa ianze tena kusagwa katikati ya mwezi ujao. Tukirudi tutaona.

Soma kwa bidii.
Tsuma


Nairobi, 12 Juni 1964

Mjomba,

Shikamoo. Hongera ya harusi, na pole ya wali. Mimi ni mzima wa afya. Leo sitaandika mengi ya huku kwa sababu kuna jambo limenipata, na kwa siku tatu silali vizuri kwa kulifikiria.

Jumanne nilikuwa nimekwenda kumsalimu dada mmoja wa Msambweni ambaye mumewe yuko reli. Nyumba zao ziko jirani na karakana. Nilikuwa nimekaa barazani, fidla iko magotini, namsubiri amalize kufua. Saa sita kamili, king'ora cha karakana kikalia. Mjomba, sikufikiri chochote. Naapa. Mkono wangu wa kushoto ulipanda wenyewe mpaka kwenye vigingi vya nyuzi, macho yakafumba, na nilipozinduka nilikuwa nakaza uzi wa A.

Dada wa watu akauliza, "Vipi, umeogopa?"

Halafu ghala likanijia lote. Saa kumi jioni, zamu ya mchana inatoka. Wewe unapaza sauti, "Kimya, watoto! Fumbeni macho! Sikilizeni!" Nasi tunafumba. Mimi miaka yote ile nilidhani unatutaka tutulie tu, kama mwalimu wa madrasa anavyotuliza watoto kabla ya kusoma. King'ora cha kiwanda kinaanza chini, kinapanda, kinatulia, kinavuta pumzi ndefu, kinakatika. Na hapo hapo, kabla hata mwangwi haujafika mtoni, wewe unapiga uzi wako wa A na kusema, "Haya, kila mtu ajipange."

Na barua yako ya mwisho imeniambia kwamba mazoezi yamesimama kwa sababu kiwanda kimefungwa. Mvua haijawahi kuyasimamisha. Nakumbuka tulipiga tukiwa tumesimama ndani ya maji. Mazoezi yanasimama kiwanda kikifungwa, mjomba. Kwa nini?

Je, ni king'ora?

Nijibu hata kwa neno moja.
Biasha


Nairobi, 20 Julai 1964

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki tano sasa. Baba amepita, nimemuuliza kama u mgonjwa, akasema alikuacha unapanda juu ya paa na makuti, mzima kabisa, ila ukitajiwa Nairobi unakumbuka kazi nyingine.

Kama nimekukosea nisamehe. Sikuuliza ili nikuaibishe. Nimeuliza kwa sababu A hiyo iko ndani ya mkono wangu, na ninataka kujua kitu kilicho ndani ya mkono wangu kimeingiaje.

Tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa nane, Jumamosi, nitakuwa nyumbani. Ukisema nisilete fidla, sitaileta. Lakini uniambie wewe mwenyewe.

Biasha


Ramisi, 29 Julai 1964

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima, Mama yako ndiye mzima kupita sote. Amekaa hapa ubavuni mwangu kwenye mkeka, mguu wenye goti bovu ameunyosha mbele ya mlango ili nisipite, na amesema haondoki mpaka barua hii ifungwe. Kwa hiyo ukikuta maneno makali humu, ujue ni yake, mimi natumwa tu.

Ndiyo. Ni king'ora.

Nimeliandika. Sasa nipe nafasi nikueleze.

Wajua kwamba nilikuwa mpishi wa Bwana Menezes, yule karani Mgoa, miaka sita. Ndiye aliyenifundisha fidla, Jumapili kwa Jumapili, kwenye baraza lake. Alipohamishwa mwaka arobaini na tisa aliniachia fidla sita na chuma kimoja kidogo. Kilikuwa cha mpini mfupi na meno mawili marefu. Ukikigonga gotini kinatoa A, safi, haibadiliki kwa jua wala kwa mvua. Aliniambia, "Tsuma, nyuzi zitakatika, fidla zitapasuka, lakini ukikitunza hiki, hutapotea." Nikakifunga kwenye leso.

Hapa nilikuwa nataka kuandika kwamba kilianguka mtoni. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila aliyeuliza kwa miaka kumi na tano, mpaka nami nikaanza kukiona kikizama. Mama yako amesoma kidevu changu, maana kusoma maandishi hajui, na amesema, "Andika kweli."

Kweli ni kwamba nilikisahau jikoni kwa mama yako. Siku hiyo alikuwa anachoma pweza. Akaona kitu cha chuma, kina mpini, kina meno mawili. Angejuaje? Hata wewe ungekichukua. Alimgeuza pweza nacho juu ya makaa mchana kutwa, na alipochoka akakiacha mle motoni kikawa chekundu mpaka kwenye mpini. Jioni nilipokigonga kilinijibu sauti ya kijiko.

Mama yako anataka niandike kwamba pweza alikuwa laini sana.

Sikumwambia mtu. Angechekwa Msambweni nzima, na wakati ule wewe ulikuwa mdogo, naye alikuwa na mimba changa baada ya kupoteza mbili, sikutaka asikie hata neno moja la kumuumiza. Na yeye aliniona nikikigonga, akanyamaza miaka yote akidhani nimekasirika. Jana ndiyo tumezungumza kwa mara ya kwanza. Tumecheka, halafu akalia, halafu akanitukana.

Kesho yake, nakwambia habari za mwaka ule wa arobaini na tisa, watoto sita wa kwanza walikuwa wanakuja. Fidla nimezipanga, na A sina. Ile ya chuma ilikuwa bado imebaki sikioni kidogo, lakini nikiitafuta inakimbia. Ndipo king'ora cha saa kumi kikalia. Nikasema, inakaribiana. Nikasema, kwa leo tu, kesho nitatafuta njia. Kesho ikawa miaka kumi na tano. Nilijua kuwa iko chini. Kiasi gani sikujua, na sikutaka kujua. Ndiyo sababu ya mchwa wa yule Mhindi. Kinanda kingenisuta mbele ya wazazi siku ya kwanza, na kodiani ya Bwana Baya ni vilevile, huwezi kuikaza wala kuilegeza. Wazazi wangesema Tsuma mpishi amewafundisha watoto wetu sauti ya boila. Na wangekuwa wamesema haki.

Lakini si hao niliowaogopa, Biasha. Nimekuogopa wewe. Wewe ndiwe kitu pekee nilichokifanya kikaenda mbali. Nilipoona barua yako ya kwanza, kwamba A yako iko chini palepale kila siku, nilikwenda nikakaa nyuma ya ghala. Nilijua huyo mama wa Kizungu ameniona mimi, na umbali wote huo.

Sasa umejua. Ukija bila fidla sitakulaumu.

Mama yako anasema niandike neno moja tena, kwa herufi kubwa. NJOO.

Tsuma


Nairobi, 7 Agosti 1964

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa Mama, na ya tatu kwa yule pweza, Mungu amrehemu.

Nitakuambia kweli kwa sababu na wewe umeniambia. Siku mbili nilikuwa na hasira. Si ya chuma. Ni kwamba nimekuwa nikikudanganya, na ningalijua mapema nisingalidanganya.

Nilikuandikia kwamba masomo yanakwenda vizuri. Yalikuwa yanakwenda, ila yalikuwa yanakwenda mwaka uleule kwa mara ya pili. Nilianguka mtihani wa mwaka wa kwanza. Nilisimama mbele ya watahini watatu, piano ikaanza, na mimi nikaingia na A yetu. Nilisikia kwamba hatupatani nikadhani piano ndiyo iliyokosea. Nikaendelea mpaka mwisho kwa kiburi chote ulichonifundisha. Mmoja wao aliinamia karatasi yake ili asicheke. Nililia wiki nzima, na sikukuandikia kwa sababu watu wa Msambweni walichanga, na kwa sababu nilidhani sikio langu ni bovu la kuzaliwa.

Sasa sikiliza. Nimemsimulia mwalimu wangu kila kitu, king'ora, pweza, yote. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia hivi: wanafunzi wengi wanakuja kwake wakiwa hawana A yoyote kichwani, wanaanza kuitafuta wakiwa wakubwa. Mimi nilikuja nayo, imekaa, haitikisiki. Kazi ilikuwa kuisogeza tu, na hiyo ndiyo imechukua mwaka. Akasema, "Huyo mjomba wako amekujengea nyumba nzuri, ila kaiweka hatua moja kutoka kwenye kiwanja." Mtihani wa pili nimepita mwezi wa sita. Nilikuwa naogopa kukuambia nimepita, kwa sababu ningelazimika kusema nilianguka.

Tumekuwa wawili, mjomba, kila mmoja kafunga lake kwenye leso.

Nakuja tarehe ishirini na mbili, na fidla. Sitakuja na A ya Nairobi. Nitashusha nyuzi zangu kwa king'ora, pamoja na watoto. Bwana Baya nimemwambia ukweli. Amesema atakuja vilevile, kodiani ataiacha chini ya kiti.

Wewe upange tu saa.
Biasha


Ramisi, 19 Septemba 1964

Kwa mpwa wangu Biasha, aliye Nairobi,

Marahaba, na usalimike. Barua yako ya kufika salama tumeipata. Yule kuku amefurahi mno kwamba hukukubali achinjwe, sasa anaingia nyumbani bila hodi. Mama yako anawasimulia wanawake wa kisimani habari za chuma na pweza, kila siku anaongeza kitu. Juzi chuma kilikuwa cha dhahabu.

Wewe siku ile uliwapa watu mgongo, ulikuwa unawatazama watoto, kwa hiyo kuna upande hukuuona. Ngoja nikuhadithie.

Nilipanga saa kumi kamili, wajua kwa nini. Ghala limejaa, wengine wako madirishani, molasi inanuka, Bwana Baya kaomba ngoma ya tari kwa majirani na kodiani iko chini ya kiti kama alivyoahidi. Watoto kumi na mmoja wamesimama. Mimi nimeinua mkono. "Kimya! Fumbeni macho! Sikilizeni!" Watu wote nao wakafumba, walidhani tunaomba dua.

Saa kumi ikafika. Kimya.

Saa kumi na dakika mbili. Kimya. Mwanapili akafungua jicho moja. Jasho limenishuka mpaka kwenye viatu. Nikatazama watu, na ndipo nilipomwona Ziro, fundi wa boila, mwenye kukivuta king'ora kile miaka yote, amekaa mstari wa pili na kanzu yake ya Idi, amefumba macho kwa heshima. Ameomba ruhusa aje kukusikiliza! Kamba ya king'ora amemwachia mtu mwingine ambaye saa yake haijulikani. Nikasema, leo ndiyo leo, wote watajua kwamba mwalimu huyu bila boila hana kitu.

Ndipo ukafanya ulilofanya. Hukunitazama hata. Ulifungua kinywa ukaitoa A kwa sauti yako, polepole, kuanzia chini, ikapanda, ikatulia pale pale. Ya kwetu. Ile waliyokuangushia mtihani, ile waliyochukua mwaka mzima kukuondolea. Watoto wakajipanga juu yake mmoja mmoja, vigingi vikalia, na mimi nikaweka upinde kwenye uzi wangu, nikakuta niko nyumbani.

Na tulipomaliza tu kukaza nyuzi, king'ora kikalia. Kimechelewa dakika sita, na kimeingia juu ya nyuzi zetu zote kumi na tatu za A bila kugombana hata na mmoja. Ulisikia vigelegele, lakini hukuona nyuso. Mama yako alisimama bila kushika ukuta. Ziro alifumbua macho, akatazama watoto, akatazama dirishani kiwanda kiliko, akanitazama mimi. Akafahamu. Watu wote wakafahamu, naona. Hakuna aliyeondoka. Mwenye duka aliniuliza baadaye kama wanaweza kuandikisha na mtoto wao.

Tulizopiga baada ya hapo wewe wazijua.

Ulipoondoka nilikuta leso yako juu ya dirisha la ghala, imefungwa fundo. Nikasema nitakutumia kwa Baba yako. Halafu nikaishika, nikahisi mpini, na meno mawili. Nimekigonga gotini. Ni juu kweli! Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo juu. Sasa watoto wanajifunza zote mbili, siku tatu kwa chuma, siku tatu kwa king'ora, ili anayekwenda mbali asiende kupigana na piano za watu, na anayebaki asisahau kwao. Chuma nimekitundika ukutani kwa waya, mbali na jiko. Mama yako amekitazama akasema ni kifupi mno kwa pweza.

Ngoja nikumalizie. Jumatatu hii king'ora kilipolia, Mwanapili alikunja uso akasema, "Mwalimu, kiwanda kiko chini." Wenzake wakamcheka. Mimi nilifunga fidla yangu, nikavuka barabara, nikaenda mpaka kwenye boila. Nikamkuta Ziro anapangusa mikono. Nikamwambia, mbele ya wafanyakazi wake wote, "Bwana Ziro, king'ora chako kiko chini, hakifiki kwenye A."

Akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu arobaini na tisa."

Mimi mjomba wako na mwalimu wako,
Tsuma